Mwaka wa mafuriko ulioandikwa ukame: kisa cha fanksheni ya gama wilayani Rungwe

Jedwali lilikuwa safi. Safu ya kwanza mwaka, ya pili jumla ya mvua ya miezi kumi na miwili, ya tatu kipimo, ya nne maelezo kwa maneno. Mama mmoja, mkulima wa chai na ndizi kutoka juu kidogo ya Tukuyu, alilipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Akasimama kwenye mwaka mmoja, akamgeukia kijana aliyelitengeneza.

"Mwanangu, huu si ndio mwaka daraja letu lilichukuliwa na maji? Mbona hapa umeandika ukame uliokithiri?"

"Ndivyo kompyuta ilivyopiga hesabu, mama."

"Basi irudie."

Kijana yule nilimfundisha mimi. Fomyula iliyokuwa ndani ya programu yake ni mimi niliyeiandika ubaoni, kama ilivyo vitabuni, bila kusema neno juu ya namna mashine inavyozibeba namba kubwa. Aliponipigia simu jioni ile nilikuwa Mbeya mjini, na kesho yake asubuhi nilipanda basi la Tukuyu. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lenyewe linaweza kukaa kwenye programu ya mtu yeyote anayetumia mtawanyo wa gama, na linaweza kukaa miaka bila kuonekana.

Kipimo chenyewe kinajulikana kwa herufi SPI, kifupi cha Standardized Precipitation Index, yaani kipimo sanifu cha mvua. Kilipendekezwa mwaka 1993 na McKee, Doesken na Kleist huko Colorado, Marekani, na mwaka 2009 kikapendekezwa kwa idara za hali ya hewa duniani kote kuwa kipimo cha pamoja cha ukame wa mvua. Wazo lake ni jepesi. Milimita 700 kule Usangu ni mwaka mzuri, lakini milimita 700 Rungwe ni maafa, kwa hiyo huwezi kulinganisha milimita kwa milimita. Badala yake unauliza: kwa historia ya mahali hapa, uwezekano wa kupata mvua ndogo kama hii au pungufu yake ni kiasi gani? Uwezekano huo unaugeuza kuwa alama kwenye mchoro wa kengele ule tuliouzoea, yaani mtawanyo wa kawaida, ambao katikati yake ni sifuri. Hasi 1.5 kushuka hadi karibu hasi 2 ni ukame mkali. Hasi 2 na kushuka, ukame uliokithiri. Upande wa chanya unasoma unyevu.

Ili kuupata uwezekano huo unahitaji mtawanyo, yaani fomyula inayosema kila kiasi hutokea kwa wingi gani, unaofanana na mvua. Mvua haishuki chini ya sifuri, na mkia wake umelala upande wa kulia, kwa kuwa mwaka wa gharika huenda mbali na wastani kuliko mwaka mkavu. Mtawanyo wa gama una umbo hilo. Msongamano wake ni huu:

x^(k−1) · e^(−x/θ) / (θ^k · Γ(k))

Hapo x ni mvua, k ni umbo, θ ni kipimio, na Γ ni fanksheni ya gama, ile ambayo Euler aliieleza mwaka 1729 ili fakitoria (kama 4 × 3 × 2 × 1) iweze kupigwa hata kwa namba zisizo kamili. Kwa namba kamili, Γ(n) ni fakitoria ya n−1.

Kijana aliiandika fomyula hii vilevile katika lugha ya programu ya Python, akitumia `math.gamma` kwa chini na alama ya kipeo kwa juu, kisha akajumlisha msongamano milimita kwa milimita kutoka sifuri hadi mvua ya mwaka husika. Kompyuta ya ofisi yao haikuwa na intaneti ya kutegemewa na haikuruhusiwa kuwekewa kitu kipya. Alikuwa na Python ilivyokuja, basi.

Programu ilifanya kazi misimu miwili kwa takwimu za bonde la Usangu. Ilipopandishwa Rungwe ikaanza kukataa, ikatoa kosa la namba kuvuka mipaka. Ripoti ilikuwa inasubiriwa. Akaizungushia ile jumla yote mistari miwili:

```
    except OverflowError:
        return 0.0
```

Uwezekano wa sifuri hauwezi kugeuzwa kuwa alama ya kengele, kwa hiyo hatua iliyofuata nayo ikakataa. Akaiambia: ukikuta sifuri, andika hasi 3. Nilimwelewa. Hasi 3 ndiyo sakafu ambayo watu wengi huiwekea SPI, na sifuri inaonekana kama kitu kilicho chini kabisa. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una sababu yake.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kusoma msimbo. Nilimwomba alipange jedwali upya, siyo kwa mwaka bali kwa kiasi cha mvua, kutoka ndogo hadi kubwa. Mara ukweli ukajitokeza. Kutoka chini SPI ilipanda vizuri, hasi, karibu na sifuri, chanya kidogo, chanya zaidi. Halafu ghafla, kuanzia mstari mmoja, hasi 3, hasi 3, hasi 3 hadi mwisho. Miaka yenye mvua kuliko yote ndiyo iliyoandikwa ukame kuliko yote. Kijana alinyamaza muda mrefu. Mama alikuwa sahihi, na hakuwa sahihi kwa mwaka mmoja tu.

Sasa hesabu. Nitatumia namba nilizozinyoosha ili ufuate kwa kalamu. Si rekodi ya kituo chochote. Chukua wastani wa milimita 2,500 kwa mwaka na k ya 91. Hiyo ina maana mchepuko, yaani kiasi ambacho miaka huachana na wastani kwa kawaida, wa kama milimita 262, maana k hupatikana kwa kugawanya wastani kwa mchepuko, kisha jibu likapigwa mraba. Kompyuta huhifadhi namba ya desimali katika biti 64, na kubwa kuliko zote inayoingia humo ni takribani 1.8 ikifuatiwa na kuzidisha kwa kumi mara 308. Sehemu ya juu ya fomyula inadai x ipandishwe kwa kipeo cha 90. Tafuta x ambayo kipeo chake cha 90 kinagusa ukuta huo: ni kama milimita 2,661. Mwaka wa milimita 2,600 unapita. Mwaka wa milimita 2,700 unagonga ukuta, unarudisha sifuri, unaandikwa ukame.

Jibu halisi la mwisho si kubwa hata kidogo. Uwezekano uko kati ya sifuri na moja. Namba kubwa ni ya njiani tu. Juu kuna jitu, chini kuna jitu jingine, na yangegawanyana vizuri kama la juu lingeruhusiwa kufika.

Kwa nini Usangu haikulalamika? Kule mvua ni ndogo na inayumba. Weka wastani wa 650 na mchepuko wa robo ya wastani, k inakuwa 16 tu, na 650 kwa kipeo cha 15 ni namba ambayo kompyuta inaibeba bila jasho. Nyanda za juu upande wa Rungwe mvua ni nyingi na pia inaaminika zaidi mwaka hadi mwaka. Wingi unakuza x, uaminifu unakuza k. Programu ilianguka mahali pale ambapo mvua ni njema, na hili ndilo lililonifanya niamini kwamba kuijaribu programu kwenye kituo kimoja hakuthibitishi kitu kuhusu kituo cha pili.

Kijana alikuwa na wazo lake, na lilikuwa zuri. "Mwalimu, si nigawanye x kwa θ kwanza?" Akagawanya. Mwaka wa milimita 2,950 ukawa 107.38 badala ya 2,950, na 107.38 kwa kipeo cha 90 ina tarakimu kama 183 tu. Ukuta uko mbali. Jedwali zima likanyooka.

Nilimwambia tusifunge kitabu. Ripoti ileile ilihitaji pia dirisha la miezi 24. Ukijumlisha miaka miwili ambayo mvua ya mmoja haitegemei ya mwingine, wastani unazidishwa kwa mbili lakini mchepuko unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha mbili tu, yaani 1.41. Kwa hiyo k inazidishwa mara mbili: 91 inakuwa 182. Sasa muulize Python `math.gamma(171)`, atakujibu namba yenye tarakimu 307. Muulize `math.gamma(172)`, atakataa. Mwisho wa gama katika biti 64 ni kama 171.6. Hata ile ya juu, 182 kwa kipeo cha 181, imekwisha kuvuka. Dawa ya kugawanya ilisogeza ukuta hatua chache, haikuuondoa.

Dawa inayoondoa ukuta imo ndani ya maktaba ileile, mstari mmoja chini ya `gamma` katika orodha ya fanksheni za `math`: `lgamma`. Hii haipigi gama, inapiga logi ya gama moja kwa moja, bila kupitia jitu. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha na kipeo kuwa kuzidisha. Kwa mwaka wa milimita 2,950, sehemu nzito ya hesabu inakuwa:

91 × ln(107.38) − 107.38 − lgamma(91)
425.5500 − 107.38 − 318.1526 = takribani 0.0174

Tazama ule mwisho. Namba ambazo zingekuwa na tarakimu mia na kitu zinakutana, zinakatana, inabaki 0.0174, na eksponenti yake ni 1.0175. Nilimwonyesha hili kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu mtu akiona makato haya kwa macho yake haandiki tena `gamma` juu ya `gamma`.

Kuna gharama ndogo, na ni haki kuisema. Karibu na 425, namba mbili za desimali zinazofuatana katika biti 64 zinaachana kwa kama 0.00000000000006. Ukitoa namba kubwa zinazokaribiana, usahihi wa tarakimu kumi na sita unashuka hadi kama kumi na tatu. Kipimamvua chenyewe husomwa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Gharama hiyo tunaibeba.

Kilichobaki ni ile jumla ya milimita kwa milimita. Inafanya kazi, ila ni ya polepole na ina kosa lake dogo, na jina la kitu inachokitafuta ni fanksheni ya gama isiyokamilika. Hapa ndipo maktaba sanifu inakuacha. Python, tangu toleo la 3.2, ina `gamma`, `lgamma`, `erf` (inayopima eneo la kati la kengele) na `erfc` (inayopima kinachobaki mkiani), lakini gama isiyokamilika haimo. Lugha ya C tangu 1999 ina hizohizo nne, gama ikiitwa `tgamma`. Go inazo, na inaongeza kinyume cha `erf` na baadhi ya fanksheni za Bessel. C++ ya mwaka 2017 ilileta rundo kubwa, beta, Bessel, Legendre, zeta ya Riemann, lakini bado gama isiyokamilika haikuwemo. Java, ndani ya `Math` yake, haina hata gama ya kawaida. Wenye intaneti huchukua maktaba ya nje, `scipy`, na kumaliza. Sisi tuliandika:

```
import math

def gama_pande(k, y):
    if y <= 0:
        return 0.0, 1.0
    mbele = math.exp(k*math.log(y) - y - math.lgamma(k))
    if y < k + 1:
        neno = jumla = 1/k
        n = k
        while neno > jumla*1e-16:
            n += 1
            neno *= y/n
            jumla += neno
        p = mbele*jumla
        return p, 1 - p
    b = y + 1 - k
    c = 1e300
    d = h = 1/b
    for i in range(1, 2000):
        a = -i*(i - k)
        b += 2
        d = 1/(a*d + b)
        c = b + a/c
        h *= c*d
        if abs(c*d - 1) < 1e-15:
            break
    q = mbele*h
    return 1 - q, q
```

Hapo y ni mvua iliyogawanywa kwa θ. Njia ni mbili kwa makusudi. Mvua ikiwa chini ya katikati, mfululizo wa kujumlisha hufika haraka, maana kila neno ni dogo kuliko lililotangulia. Ikiwa juu, tunatumia sehemu iliyo ndani ya sehemu, ambayo hutoa mkia wa kulia moja kwa moja. Fanksheni inarudisha pande zote mbili, p ya kushoto na q ya kulia, na hili silo pambo. Mkia wa kulia ukiwa mdogo sana, p inakuwa moja kamili ndani ya mashine na habari yote inapotea. Ndiyo sababu ileile maktaba inakupa `erfc` kando ya `erf`: `1 - math.erf(6)` inatoa sifuri kamili, lakini `math.erfc(6)` inatoa namba yenye sifuri kumi na sita baada ya nukta, kisha 215. Anayehitaji mkia aombe mkia, asiutoe kwenye moja.

Kugeuza uwezekano kuwa alama tuliachia `statistics.NormalDist().inv_cdf`, iliyomo tangu Python 3.8. Ikiwa p ni ndogo tunampa p. Ikiwa q ndiyo ndogo tunampa q na kugeuza alama ya jibu. Mwaka wa 2,950 ulitoa q ya 0.0486 na SPI ya chanya 1.66. Unyevu mwingi. Kabla ya hapo, jedwali liliuita hasi 3.

Hatukuamini kwa sababu tu jibu linapendeza. Gama isiyokamilika ina majirani ambao maktaba inawajua vizuri, na tuliwaita kushuhudia. Kwa k ya nusu, p lazima iwe sawa na `erf` ya kipeuo cha pili cha y: tuliweka y = 1, tukalinganisha na 0.8427007929. Kwa k ya 1, p ni moja kutoa eksponenti ya hasi y. Kwa k kamili kama 91, q ni jumla ya maneno 91 ya kwanza ya mtawanyo wa Poisson, na kila neno nalo lilipigwa kwa `lgamma`, kisha kujumlishwa kwa `math.fsum`. Zote zilikubaliana hadi tarakimu ya kumi na mbili au zaidi. Kazi hii ilichukua nusu saa, na nadhani ndiyo nusu saa ya thamani kuliko zote za siku ile.

Tulipokuwa tunafungua programu tukakuta majeraha mengine mawili. Kukadiria k alitumia njia ya Thom ya 1958, ambayo inahitaji wastani wa logi za mvua. Msimu wetu ni mmoja, mvua huanza kama Novemba na kuishia Aprili au Mei, na Mbeya mjini Julai inaweza kupita bila tone. Logi ya sifuri haipo, kwa hiyo alibadilisha kila sifuri kuwa 0.1. Jaribu 0.01 badala yake: logi inahama kutoka hasi 2.3 hadi hasi 4.6, na k inahama nayo. Kipimo cha ukame hakiwezi kutegemea namba aliyoichagua mtu mezani. Sifuri zinatakiwa kuhesabiwa peke yake: q0 ni sehemu ya miaka ambayo mwezi huo haukupata mvua, gama inalinganishwa na miaka iliyobaki, na uwezekano kamili ni q0 jumlisha (1 − q0) mara p. Hata hivyo, kama miezi sita kati ya kumi ya Julai ni mikavu, Julai isiyo na tone inapata uwezekano wa 0.6, na SPI yake ni chanya 0.25. Yaani mwezi usio na mvua unaandikwa una unyevu kidogo! Hesabu haijakosea, swali ndilo halina maana kwa mwezi wa kiangazi. Tulikubaliana safu ya Julai ya dirisha la mwezi mmoja iwekewe kistari.

Jeraha la pili lilikuwa la mikono. Mstari mmoja ulisoma 29500. Kwa fanksheni mpya, sehemu ya mbele inakuwa eksponenti ya kama hasi 757, ambayo ni ndogo kuliko kitu chochote ambacho biti 64 zinaweza kushika, q ikawa sifuri, na `inv_cdf` ikakataa. Safari hii tuliiacha ikatae. Tuliongeza maneno mawili tu kwenye ujumbe wake: namba ya mstari na kiasi kilichosomwa. Daftari la karatasi lilipofunguliwa, palikuwa na 2950.0, na aliyenakili aliruka nukta.

Dirisha la miezi 24 lilipita na k yake ya 182 bila neno. Takwimu za Usangu tulizipitisha tena zote. Tofauti na ripoti za zamani zilikuwa kwenye desimali ya tatu, kosa la ile jumla ya milimita kwa milimita. Kijana alichapa jedwali upya na kulipeleka mwenyewe juu Rungwe. Aliniambia mama alilipitia tena kwa kidole, akafika kwenye mwaka wa daraja, akasoma kwa sauti, kisha akaendelea na mstari unaofuata.